Maziwa ya Asubuhi

Nauza dawa za mifugo Mugumu, upande wa Morotonga, na kazi hii imeniondolea heshima kwa watu wote wanaogawa dawa za binadamu bila kuulizwa. Ng'ombe ana jambo moja zuri ambalo mgonjwa wa nyumbani hana: hakuonei aibu. Ukimpa dawa isiyofaa hatakwambia kwamba leo anaona nafuu kidogo, eti usijisikie vibaya kwa jinsi ulivyohangaika. Ataendelea kuharisha mbele ya macho yako. Mwenye ng'ombe atarudi dukani amefura, atanibamizia chupa mezani na kusema dawa yako ni maji matupu, nami nitaanza kumuuliza. Ulimpa wakati gani? Alikuwa ametoka kula nini? Ulimchanganyia na nini? Mara nyingi kosa linapatikana humo humo kwenye majibu, na chupa inarudi nyumbani na mwenyewe.

Binadamu ni kiumbe mwingine. Binadamu anapona kwa adabu. Baba yangu alipona kwa adabu kila alipoletewa dawa mpya, na kila alipopona kulikuwa na kitu kingine ambacho hakiwezi tena.

Ugonjwa ulianza kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kinasuguana na kidole cha pili, polepole, kama mtu anayesokota tumbaku, hata akiwa amekaa tu anasikiliza redio. Halafu ukafuata mkono wote. Halafu hatua zikawa fupi, akawa anaburuza miguu kama mtu aliyeazima viatu. Mwisho uso ukatulia, na huo ndio uliotuletea maneno, maana baba alikuwa mtu wa kucheka, na sasa watu wa Matongo, kijijini kwetu, wanampa habari njema na yeye anawatazama tu. Wakasema mzee ameota majivuno uzeeni. Watu wanaotambua ndama wao kwa mbali kwa namna anavyotikisa sikio, walishindwa kutambua kwamba uso wa jirani yao umegoma kufanya kazi.

Tulimpeleka Mwanza, hospitali kubwa. Daktari alimtembeza chumbani, akamgeuza, akamkunja kiwiko, akamwambia agongeshe vidole. Akatuambia ni Parkinson: kuna sehemu ya ubongo inayoamrisha mwendo, inakufa kidogo kidogo, haifufuki, na ugonjwa utazidi kusonga mbele. Vidonge vipo, vitamsaidia, havitamponya. Alimaliza hayo yote kwa muda ninaotumia mimi kumweleza mtu namna ya kuogesha mbuzi. Mwishoni akasema anywe kabla ya chakula, akaita mgonjwa mwingine.

Baba alimuuliza swali moja tu. Aliuliza kama ataweza kuendelea kutoa ng'ombe asubuhi. Daktari akasema, "Tutajitahidi, mzee," huku anaandika ya mwingine.

Sidhani kama alielewa alichoulizwa. Tangu nipate akili, kila asubuhi baba ndiye aliyeondoa miti ya mlango wa zizi, akasimama pembeni, na ng'ombe wakapita mbele yake huku akiwataja kwa rangi zao. Kazi ya kuchunga ilikuwa ya wengine. Ya kwake ilikuwa kuwaona wakitoka. Kuhusu huo mkono alishaniambia utetemeke mpaka uchoke wenyewe. Alichotaka kwa dawa zote za dunia hii ni kufika zizini kwa miguu yake.

Mama akaanza kumpa vidonge kama alivyoelekezwa, kabla ya ugali, na kikombe chake cha maziwa ya mgando. Mwanzo tuliona nafuu, halafu hatukuiona. Siku nyingine anatembea, nyingine anaganda katikati ya uwanja kama mtu aliyeitwa jina. Nyumbani ikapitishwa hukumu kwamba vidonge vya Mwanza havina kitu. Hapo ndipo mdogo wangu wa kiume alipoingia kazini.

Mdogo wangu ana shimo la dhahabu na wenzake. Nampenda, lakini lazima niseme ukweli: ni mtu anayeweza kuhamisha shimo kwa sababu mwenzake ameota. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ugonjwa hauponi, yeye anasikia kwamba hujachimba pa kutosha. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeishi jirani na baba, na mimi niko ng'ambo ya Mto Mara na duka langu, yeye ndiye aliyekuwa anachimba.

Kwanza alileta mtu mwenye tai. Mtu yule alikuwa na kompyuta ndogo na kifimbo cha chuma kilichounganishwa kwa waya. Unakishika kifimbo, mashine inalia, na kompyuta inasoma mwili wako wote kuanzia nywele hadi kucha. Nilikuwepo siku hiyo. Alimwandikisha baba jina na umri, akampa kifimbo, na kompyuta ikasema mishipa imeziba, ini limechoka, na sumu imejaa kwenye uti wa mgongo. Dawa ya vyote vitatu, kwa bahati nzuri, alikuwa nayo kwenye begi, ni poda ya kukoroga kwenye uji.

Nikamwomba arudie kupima, ila safari hii kifimbo akishike mdogo wangu, bila kubadilisha jina wala umri. Mdogo wangu anabeba viroba vya mawe tangu asubuhi hadi jioni. Kompyuta ikasema mishipa imeziba, ini limechoka, na sumu imejaa kwenye uti wa mgongo.

"Hiyo ni kwa sababu ni damu moja, dada," akasema mwenye tai, hata bila kumeza mate.

Nikamwita dereva wa bodaboda aliyemleta, Msukuma wa watu aliyekuwa amejilalia kivulini. Alipokishika kifimbo akawa na ini lililochoka na yeye. Mwenye tai akasema mashine inataka chaji. Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa maneno ambayo mama alinikanya baadaye, na bado mdogo wangu alinunua poda. Baba akainywa, akasema imempa nguvu. Wiki hiyohiyo alianza kufungwa vifungo vya shati na mama.

Wa pili alikuwa binamu yetu anayeishi upande wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Huyu sikumdharau moja kwa moja, maana alichokileta kilikuwa dawa ya kweli, ndani ya pakiti ya kweli. Ilikuwa dawa ya presha.

"Hii ni ya pressure, lakini huku kwetu daktari anaipatianga watu wa kutetemeka," alisema. "Kuna mzee hapo karibu na sisi alikuwa anatetemeka vibaya, saa hii anajinyoa mwenyewe."

"Huyo mzee alikuwa na Parkinson?"

"Mimi sijui jina ya hiyo ugonjwa. Lakini alikuwa anatetemeka."

Hapo ndipo penye tatizo lote, na nilimweleza. Dawa kutumika kwa ugonjwa ambao haukuandikwa kwenye pakiti si ujinga. Hata mimi dukani kuna chupa zimeandikwa kitu kimoja na wataalamu wa mifugo wanazitumia kwa kingine, na zinafanya kazi. Ila yule mtaalamu kwanza anajua ng'ombe ana nini. Kutetemeka kuna aina nyingi. Kuna mtu anatetemeka akishika kikombe, na kuna mtu kama baba anayetetemeka akiwa ameweka mikono mapajani. Halafu baba alikuwa na presha ya chini tangu zamani, akisimama haraka anashika ukuta. Binamu akanisikiliza vizuri sana, akasema, "Wewe unajua mambo mingi, sister," akaacha pakiti kwa mdogo wangu.

Mkono kweli ulitulia. Ulitulia pamoja na mwenyewe, chini, kwenye jiwe la mlangoni, alipoinuka kitini kwenda kuwaaga wageni. Akashonwa juu ya jicho. Binamu akapiga simu kutoa pole, na katika simu hiyohiyo akauliza kama kutetemeka kumepungua.

Baada ya hapo nilidhani tumemaliza. Nilikuwa sijahesabu Nyambureti.

Huko kulikuwa na mganga aliyekuwa anavuma. Mdogo wangu alimpeleka baba kwa bodaboda, mzee kawekwa katikati, amefungwa kwa kitenge cha mama kwenye mgongo wa dereva ili asianguke nyuma. Mimi niliambiwa wamesharudi. Nilisimuliwa na baba mwenyewe, kwa ile sauti yake iliyokuwa imeshaanza kuzama, na katika miaka yote ya ugonjwa sijawahi kumwona amekasirika vile.

Mganga alimwambia kwamba ugonjwa umetoka kwenye ng'ombe wake. Kwamba ndani ya zizi kuna uzao wa ng'ombe wa wizi, aliyeletwa zamani kutoka kwa watu, na mwenye ng'ombe alilaani mkono ulioshika kamba. Ndiyo maana mkono wa kulia ulianza. Basi mpaka zizi lisafishwe, mzee asinywe maziwa, asile nyama, na anywe mizizi iliyochemshwa, michungu kama nyongo, iliyojazwa kwenye chupa ya soda.

"Mimi?" baba aliniuliza. "Mimi niliiba?"

Baba alikuwa miongoni mwa walioibiwa. Alipokuwa kijana zizi lao lilisafishwa likabaki mavi, na kila ng'ombe aliyekuwa naye sasa alijua mama yake na bibi yake. Ukitaka kumtukana mzee wa kwetu mpaka ndani ya mifupa, mwambie hivyo, tena mbele ya mwanawe. Na mganga alijua kabisa kwamba katika Tarime nzima hutapata mzee ambaye hana hadithi ya ng'ombe wa wizi nyumbani kwake, awe ameiba au ameibiwa. Ni kama kumwambia mvuvi kwamba ugonjwa wake umetoka kwenye maji.

Lakini masharti yakashikwa. Mama ni mwoga wa laana pamoja na kwenda kanisani kote. Maziwa yakaondolewa mbele ya baba, nyama ikaondolewa, na chupa ya soda ikawekwa dirishani.

Nilipofika tena nyumbani nilikuwa nimejiandaa kugombana. Niliegesha pikipiki nje ya uwanja ili nisiwashtue ng'ombe, nikaingia kwa miguu. Ilikuwa asubuhi. Baba alikuwa anatembea kuelekea zizini. Alikuwa anatembea, namaanisha anainua mguu na kuuweka, na mkono wa kulia unacheza pembeni kama wa mtu mwingine yeyote. Akaondoa mti wa kwanza. Akaondoa wa pili. Ng'ombe wakaanza kutoka, na aliponiona akacheka, uso mzima.

Nilifurahi mpaka nikalia, nikasimama pale pale kwenye mavi nikalia. Halafu nikahesabu ng'ombe kwa macho, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya, nikaona yule mwekundu aliyekuwa amezaa mara ya kwanza hayupo.

"Ndiye aliyekuwa na laana," akasema mdogo wangu. "Mganga amemchukua akamtakase."

Kati ya ng'ombe wote wa lile zizi, wenye pembe zilizovunjika na wenye chuchu zilizokufa, laana ilikuwa imemchagua yule mwenye maziwa mengi.

Sasa nikawa na kazi ngumu kuliko ya kufukuza mwenye tai. Mzee amepata nafuu na nafuu hii haikuwa ya adabu, niliiona kwa macho. Kukataa ni kujifanya kipofu. Kukubali ni kwamba baba yangu ana uzao wa wizi zizini na mtu wa Nyambureti ameuona kwa kunusa. Nikamkalisha mama jikoni, nikafanya ninachofanya dukani.

"Vidonge vya Mwanza mliacha?"

"Tuache vipi, na vilinunuliwa?" Mama hatupi kitu kilichonunuliwa.

"Anakunywa wakati gani?"

"Asubuhi, kabla ya chakula. Kama alivyosema daktari."

"Anakunywa na nini?"

"Na maji. Si maziwa yamekatazwa."

"Na zamani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Na maziwa. Ungetaka nimpe baba yako maji, kibuyu kimejaa?"

Hakuna mtu nje ya huku anayeweza kulielewa kosa hilo, na hakuna mtu wa huku ambaye asingelifanya. Kwetu chakula ni ugali. Ukila ndizi hujala, ukila viazi umepitisha muda, na maziwa hayamo hata kwenye hesabu. Mwenye zizi kupewa maji ya kumezea dawa wakati ng'ombe wake wamekamuliwa ni dharau, mgeni akiona ataenda kusimulia. Mama alifuata maagizo ya daktari kwa uaminifu kabisa, kabla ya chakula, na kikombe kizima cha maziwa.

Nikapiga simu Mwanza. Nilihangaishwa kutoka mtu hadi mtu mpaka nikampata mmoja wa kitengo cha dawa. Akasema ndiyo, vyakula kama maziwa na nyama vinagombea njia moja na hiyo dawa tumboni, ndiyo maana wanasema kabla ya chakula, si mliambiwa? Nikamwambia tuliambiwa. Akasema, basi. Kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Wasomi wetu wanaweza kutaja njia ya dawa kuanzia mdomoni hadi kwenye ubongo, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kumuuliza mzee wa Kikurya asubuhi anakunywa nini.

Nikamweleza baba. Sikumficha kitu, hata kwamba sina uhakika mpaka tujaribu. Dukani mtu akimpa ng'ombe dawa tatu kwa pamoja na ng'ombe akapona, hajui kilichomponya, na mara ijayo atanunua zote tatu. Unatoa moja, unaangalia. Baba akasema, "Toa mizizi." Alisema haraka sana. Ilikuwa michungu na ilikuwa na tusi ndani yake.

Tukamwaga chupa ya soda. Siku zikapita, na baba akaendelea kwenda zizini. Mdogo wangu akasema mizizi bado imo mwilini.

Tukangoja zaidi, baba akaendelea kwenda. Mdogo wangu akasema basi zizi lilikwisha kutakasika.

Baba akasema, "Sasa lete maziwa." Nilimwambia hakuna haja, tumeshajua. Akasema mimi nimejua, yeye bado. Mama akamletea kidonge na kikombe kilichojaa, akanywa mpaka mwisho, akajipangusa, na nikaona jinsi alivyokuwa ameyakosa. Muda wake wa kwenda zizini ulipofika akainuka. Alifika nusu ya uwanja. Akaganda. Miguu ilikuwa inatetema palepale bila kwenda mbele, na ng'ombe walikuwa wamesimama nyuma ya miti wakimtazama na kulia, na jirani aliyekuwa anapita akasimama na yeye. Baba alikuwa anaangalia mlango wa zizi. Hatimaye mdogo wangu alienda kuondoa miti, na ng'ombe wakapita pande zote za baba kama maji yanavyopita kisiki.

"Umeona sasa, dada?" mdogo wangu aliniambia, machozi yamemjaa. "Amekunywa maziwa, laana imerudi."

Nilikuwa nimemfanyia baba yangu jaribio safi kuliko yote niliyowahi kufanya, na mtu mwingine kasimama palepale, kaona kitu kilekile, kaondoka na mganga wake mzima. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuamini kwamba watu wanashindwa kuelewa kwa sababu hawajaona.

Lakini baba alikuwa ameelewa. Alipokwisha kukalishwa na ulimi umemlegea vya kutosha, akaniuliza, "Nikinywa jioni, nimeshalala, miguu ya nini?"

Mimi sikuwa nimewaza hivyo. Nikapiga simu tena, wakasema inawezekana, wapo wagonjwa wanaofanya hivyo. Basi ikawa hivyo. Mchana maji na ugali na mboga za majani, jioni kibuyu, na nyama siku ikiwepo. Asubuhi alikuwa anaenda zizini. Nilimuuliza mdogo wangu laana inasemaje kuhusu maziwa ya jioni. Akafikiri kwa makini kabisa, akasema labda mwenye ng'ombe aliyelaani naye anakuwa amelala.

Mganga nilikutana naye mimi mwenyewe, bila kumtafuta. Alikuja dukani kwangu. Sikumjua, lakini alipoeleza shida yake nikamjua: ana ng'ombe mwekundu, amezaa mara moja tu, amempata kutoka Matongo, anakonda na manyoya yamesimama. Anataka dawa ya minyoo.

"Mizizi imekwisha?" nikamuuliza.

Akanitazama vizuri. Nafikiri aliuona uso wa baba kwenye uso wangu, maana watu husema tumefanana. Hakukimbia. Akavuta kiti.

"Dada, ng'ombe si mtu," akasema. "Ng'ombe ukikosea anakufa."

Nikamuuliza kitu kimoja nilichotaka kukijua kwa moyo wote. Kwa nini maziwa? Nani alimfundisha? Nilikuwa tayari, naapa, kumpa heshima kidogo kama angesema babu yake aliwahi kuona kitu kwa wagonjwa wa namna ile.

"Maziwa nawakataza wazee wote," akasema. "Awe na mgongo, awe na macho, awe na mke mkali. Mzee wa huku ukimkataza kitu kingine hawezi kuona kama ametibiwa. Akiacha maziwa, anajua amefanya jambo."

Ndicho kilichomrudishia baba yangu miguu. Mtu aliyemwita mwizi, ambaye hakujua hata kama kuna vidonge nyumbani, alimkataza kile alichojua kitamuuma zaidi. Nilimuuzia dawa ya minyoo. Nikampimia na kumweleza kipimo, kwa sababu ng'ombe hakuwa na kosa. Halafu nikamwambia kwamba dawa hiyo inapita kwenye maziwa, kwa hiyo asinywe maziwa ya ng'ombe yule mpaka nitakapomwambia.

"Hata kidogo?" akauliza, na sura ikamshuka kabisa.

"Hata kidogo," nikasema.

Habari za baba kutembea zilisambaa kuliko nilivyotaka. Watu wakaanza kuja Matongo kumwona mzee aliyetibiwa Nyambureti. Niliwaeleza wote, nimesimama uwanjani, kwamba ni vidonge vya hospitali, ila msimezee maziwa. Walinisikiliza kwa heshima. Halafu walimvuta mdogo wangu pembeni wakamuuliza njia ya Nyambureti inaanzia wapi. Ushauri wangu ulikuwa bure na haukuwa na uchungu ndani yake, nani angeutaka? Mama mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye ugonjwa uleule, alitupa vidonge vyake chooni akaanza mizizi. Nilienda kumwona. Alikuwa amelala chali, hawezi hata kujigeuza, na binti yake aliniambia wanaona nafuu, maana sasa hatetemeki.

Daktari wa Mwanza alikuwa amesema kweli kuhusu jambo moja. Ugonjwa ulisonga mbele. Vidonge vikaongezwa, vikabadilishiwa saa, na ule muda wa asubuhi wa miguu ya baba ukawa unapungua, mpaka ukawa unatosha kwenda tu, kurudi anabebwa. Halafu ikawa anafika siku nyingine na siku nyingine hafiki, ingawa hajagusa maziwa. Hakuna aliyekosea kitu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwangu kumeza, mimi ninayejua kuuliza alikuwa amekula nini.

Asubuhi moja nilikuwa nyumbani, nikampelekea kidonge na maji. Akafumba mdomo. Nikadhani taya zimemkaza, nikangoja. Akasema kitu, nikainama ili nisikie.

"Maziwa."

"Tata, ukinywa sasa hutatembea leo."

"Leo sitaki miguu," akasema. "Nataka maziwa."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ameshachukua kibuyu, anakitikisa. Mkono wa baba haukuweza tena kushika kikombe, kwa hiyo akamletea mrija wa baba wa kunywea pombe, wa enzi zile kabla mzee hajaokoka, ambao mama alikuwa ameukata uwe mfupi. Nikamwekea kidonge ulimini, nikijua ninachofanya, na nikashika kikombe. Alikunywa taratibu, anapumzika, anakunywa tena, mpaka mrija ukakoroma chini.

Akaniambia nigeuze kiti. Nikakigeuza kikatazama zizi. Mdogo wangu alikuwa anaondoa miti ya mlango, na ng'ombe wakaanza kutoka, na baba akawa anasogeza midomo. Sikusikia, lakini nilijua anataja rangi.

Mdogo wangu alipomaliza akaja mbio, simu mkononi, amejaa furaha. Amesikia kuna mtu Musoma ana mafuta ya kupaka utosini, watu wanainuka vitandani. Anasubiri kwenye simu, anataka kuongea na mgonjwa mwenyewe.

Uso wa baba ulikuwa haufanyi tena kitu chochote, lakini mimi nilimjua.

"Mwambie ajipake yeye," akasema.

Mdogo wangu hakusikia vizuri, akaniuliza mzee anasemaje. Nikachukua simu nikamwambia mwenye mafuta hivyohivyo.